Kombe la Bibi

Nilikuwa nalowanisha karatasi kwenye sinia la chai ya rangi, zipate madoa ya kikale, nizipige picha kwa ajili ya michoro yangu ya kompyuta.

Ya mwisho niliiokota mezani, imekunjwa. Ilipolowa, wino wa zafarani ukaanza kuchuruzika na herufi za Kiarabu zikayeyuka.

Lilikuwa kombe la bibi. Mwalimu wa madrasa alimwandikia aya zile za Kurani asubuhi, azioshe kwa maji, anywe, apone.

“Hafidha, niletee kombe langu,” bibi akaita kutoka kitandani.

Doa lile lilikuwa zuri kuliko yote. Nikalipiga picha kwanza. Kisha nikamimina chai ile ya siniani kikombeni.

Akanywa yote bila kuuliza, akavibusu vidole vyangu vilivyonukia zafarani.

“Mungu akulipe, mjukuu wangu.”