Bango la Getini

Wembe ulikuwa umeshakata upande mzima wa kushoto pale mlinzi alipomdaka mzee mkono.

"We mzee! Mali ya hospitali hiyo!"

"Mali gani? Si linabanduliwa leo?" Mzee hakugeuka hata kumtazama. "Mafundi wanaleta jipya. Hili kesho liko jalalani. Niachie."

Lilikuwa bango kubwa kama mlango wa ghala. Mganga mkuu, suti na tai, meno yote nje, ameweka kiganja chake juu ya bandeji ya mgonjwa aliyelala kitandani. Chini, kwa maandishi mekundu: HAPA MGONJWA HAPATI UGONJWA WA PILI.

Kila asubuhi tangu msiba wake mzee alikuwa anakuja kusimama mbele ya bango hilo. Anatazama weee, anasonya, anaondoka. Walinzi walishamzoea. Walijua mkewe alifia humo ndani, kidonda cha upasuaji kikimwozea tumboni, na kwamba mzee alishalalamika ofisi zote mpaka makarani wakimwona wanajifungia chooni. Wakubwa wana dawa moja tu kwa kila kidonda: kupiga picha.

"Najua unakolipeleka," mlinzi akanong'ona. "Unataka kumshitaki mganga mkuu nalo. Nitafukuzwa kazi, mzee wangu. Nina watoto."

"Utazame huo mkono wake. Unaona glavu?"

"Sioni."

"Unaona saa? Unaona pete? Basi hapo katoka wodi ya vidonda vya usaha, kashikana mikono na kila mtu, kamera zinamfuata kama nzi. Bomba liko mlangoni, sabuni ipo. Kalipita kama anavyotupita sisi. Na sisi ndugu wa wagonjwa tumetimuliwa nje, tunachungulia dirishani, eti ndio tunaoleta vijidudu!" Mzee akacheka kicheko kikavu. "Nesi kamwambia, 'Daktari, maji haya hapa, unawe.' Unajua kajibu nini? 'Dada, hiyo kanuni niliiandika mimi.' Huyo ndiye mwenyekiti wa kamati yenu ya kuzuia maambukizi. Fisi kakabidhiwa bucha, halafu kapewa na tuzo ya usafi."

Mlinzi alijikaza asicheke. Akashindwa.

"Nasikia kwenye bango jipya yuko peke yake," akasema. "Hakuna mgonjwa."

"Wamtake wa nini? Mgonjwa anaharibu picha."

Mlinzi akatupa jicho barabarani. Gari la mafundi lilikuwa linakata kona, ngazi imefungwa juu yake. Akamtazama mzee, akautazama ule mkono wenye pete, akatema mate pembeni.

"Kata upesi. Mimi sijakuona. Ila huko mahakamani usije ukanitaja."

"Sikutaji, mwanangu."

Wakalivuta pamoja, likaporomoka kwa kishindo na vumbi. Mlinzi akainama kulikunja.

"Taratibu hapa usoni," akaelekeza, sasa kesi imeshakuwa yake. "Hakimu amwone huyu bwana na meno yake."

"Usikunje. Litandaze."

Mzee akapiga magoti, akaurudisha wembe kazini. Akapita kwenye suti bila huruma, akapita kwenye tai. Alipofika kwenye kiganja akapunguza mwendo. Akazunguka kidole kimoja kimoja, ulimi umebanwa kwenye pembe ya mdomo, kwa uangalifu ambao hakuna aliyewahi kuuona katika wodi zile. Kwenye bandeji pakabaki tundu lenye umbo la mkono.

Kisha akamwinua mganga mkuu mzima mzima, kuanzia viatu hadi meno, akamsokomeza kwenye pipa la taka.

"Mzee! Umerukwa na akili? Huo si ndio ushahidi wako?"

Mzee alikuwa amevua shati, anafuta vumbi kwenye kipande kilichobaki: mto, shuka, na uso wa mwanamke aliyeambiwa atabasamu, naye akatabasamu kwa haya.

"Maisha yetu yote hatukuwahi kwenda kupiga picha," akasema. "Mke wangu hana nyingine."