Mtihani wa Kumsomea Meja

“Bibi kizee kafa, nawe unachekelea!” Beatrisi akampiga Rafaeli kichwani kwa kile kitabu chao cha hadithi za Kiingereza.

“Sikucheka. Nilikuwa nasoma.”

“Umesoma kama mtu anayetangaza harusi. Haya, swali la kwanza. Nani kafa?”

“Mbuzi.”

“Mbuzi ndiye anayemlilia! Rafaeli, Kiingereza unakimeza bila kutafuna.”

Walikuwa wamekaa nyuma ya kamba za kuanikia mkonge, katika shamba moja njia ya Maramba, saa ya mapumziko. Rafaeli alikuwa mkata mkonge. Kusoma alisoma, shule ya misheni huko kwao milimani, lakini vipande vipande: kila mahindi yalipokomaa aliitwa nyumbani kufukuza nyani. Herufi zote alizijua. Maana ndiyo ilimpiga chenga.

Beatrisi alikuwa amemaliza darasa la nane, na alimtaka Rafaeli. Tatizo ni baba yake, Mzee Noa, mzee wa kanisa.

“Binti yangu haolewi na vidole vyenye miba,” alisema. “Lete kazi ya kivulini. Ukikosa mpaka Jumapili, yule karani wa Mabawa anakuja na washenga, nami nitawapokea.”

Kazi ya kivulini ilikuwepo moja tu: kumsomea Meja.

Meja kila mtu shambani alimjua. Alikuja kwa meli kutoka Uingereza pamoja na meneja na mkewe, na miaka yote hiyo Kiswahili hakutaka kukisikia. Sasa amezeeka, macho yameingia ukungu, kutembea ni kwa shida. Memsahibu, yule mke wa meneja, ndiye aliyekuwa akimsomea kila alasiri barazani, hadithi za Kizungu, mpaka usingizi umchukue. Memsahibu kaenda kwao kumuuguza dada yake. Tangu hapo Meja halali, chakula anakigeuzia uso, kutwa kucha anaguna. Meneja naye halali. Akatangaza kwamba anatafuta msomaji. Mtihani kila Jumamosi, na mwamuzi ni Meja mwenyewe.

“Ukisoma usichokielewa, Meja anajua,” Beatrisi akaonya. “Jumamosi iliyopita mwenzako Eliudi alisoma msiba kama anayeuza machungwa. Hata ukurasa wa pili hakuufikia, akafukuzwa.”

“Nilimwona akipita. Kofia aliiacha huko huko.”

“Basi jihadhari. Na usimkazie macho, hapendi. Mwache kwanza akuzoee. Haya, sorrow ni nini?”

“Samaki.”

“Samaki!”

“Imeandikwa mbuzi alijaa hiyo. Nikasema labda mbuzi wa Ulaya wanakula samaki.”

“Huzuni, we mwana! Huzuni!”

Jumamosi Rafaeli alivaa shati la kuazima, akapanda kwenda kwa meneja. Njiani akakutana na Humaid, mtoto wa Saud mwenye duka, ndiyo kwanza anatoka huko. Humaid alisoma Tanga mjini. Kiingereza alikisema mpaka Wazungu wenyewe wanamwomba arudie taratibu.

“Umeipata?” Rafaeli akauliza.

“Hata kitabu sikufungua. Meja hasikilizi mpaka msomaji akae kagusana naye. Mimi, na nguo hizi za Ijumaa? Wallahi mama asingenifungulia mlango.”

“Mimi Mlutheri,” Rafaeli akasema. “Sina neno.”

“Haya nenda, ndugu yangu. Mungu akuhifadhi.”

Barazani meneja alikuwa kasimama, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Meja alikuwa mahali pake, kageukia ukuta. Rafaeli akayakumbuka maonyo yote, akatazama chini, akatoa salamu ya Kiingereza aliyoifanyia mazoezi njia nzima. Akaketi karibu, karibu kabisa, akafungua kile kitabu alichofundishiwa na Beatrisi.

Mstari wa kwanza, Meja akaguna. Wa pili, akaguna zaidi. Meneja akafumba macho kama mtu anayengoja kuchomwa sindano.

Rafaeli akaiona kazi inakwenda zake. Akawaona washenga wa Mabawa wameketi kwa Mzee Noa wanakula kuku, na Beatrisi ndani anafunga sanduku. Hapo hapo akafika penye lile neno la huzuni, na kwa mara ya kwanza maishani neno la Kiingereza likamuuma. Sauti ikashuka yenyewe. Akasoma jinsi bibi kizee alivyolala asiamke. Akasoma jinsi mbuzi alivyosimama mlangoni, mvua ikimnyeshea. Akasoma polepole, machozi yanadondokea shati la watu.

“Swali,” meneja akanong'ona kwa Kiswahili chake cha shambani. “Mbuzi hapana ingia ndani. Sababu gani?”

“Sababu aliyekuwa akimwita hayupo tena, bwana.”

Meneja akamtazama Meja. Rafaeli akatazama vidole vyake vya miba.

Meja akashusha pumzi ndefu, akamwegemea Rafaeli kwa uzito wake wote, akaanza kukoroma.

Meneja nusura alie kwa furaha.

“Kazi yako,” akanong'ona. “Sasa hapana tikisika. Yeye amka, wewe funga yeye mnyororo, halafu toa kupe kwa masikio yake.”