Bakuli la Kasyoki

Kavata, mke wa ndugu yangu, alinisimulia haya mwaka wa tisini na tatu, tukipepeta mbaazi kwake Kalamba. Ndila alikuwa jirani yake.

Asubuhi moja Ndila alirudi kutoka kisimani akakuta maini kwenye bakuli la paka wake, na si yeye aliyeyaweka. Aliyatupa chooni, akasugua bakuli kwa jivu mara tatu, kisha akamkagua paka mdomo na macho kama mtoto aliyekula mbegu asizozijua. Paka alipiga miayo tu.

Alimwita Kasyoki, jina la mtoto aliyeenda akarudi. Wenyewe wa kwanza walimtia guniani wakamtupa huko barabara ya Kibwezi, naye akajirudisha. Ndila, mjane wa peke yake, akamchukua. Lakini akawa anakonda. Daktari wa mifugo aliyekuja kuchanja mbuzi alimtoa damu, akaipeleka Nairobi, akaleta jibu: ana virusi, vinamaliza askari wa mwili. Mtu havimshiki, mbuzi havimshiki. Ni paka kwa paka, kwa mate. Akae ndani, asipigwe na baridi, ale vizuri, ashikwe kama kawaida. Anaweza kuishi miaka.

Kosa la Ndila ni kuyasema hayo kisimani. Askari wa mwili? Miaka hiyo kila mtu alijua ni ugonjwa gani unaosemwa hivyo. Kufika Jumapili, soko zima lilikuwa linasema Ndila anafuga Ukimwi chini ya kitanda.

Mkali kuliko wote alikuwa Kisilu, mzee wa kanisa, aliyeacha kuendesha malori mwaka uliotangulia. Alisimama mbele ya watu akataka huyo paka auawe kabla hajamaliza watoto. Kisha akamgeukia Ndila.

"Na huyo daktari wako alisema ataishi siku ngapi?"

Watu wakacheka. Kisilu hakucheka. Alikuwa ndani ya koti zito, na jua lile la Oktoba, na mshipi wake ulikuwa umetobolewa matundu mapya kwa msumari. Nthenya, jirani wa upande wa pili, akanong'ona kwamba mzee amefunga kula ili Mungu amwondoe paka.

Wiki hiyohiyo ndipo maini yalipoonekana, yakarudi siku ya pili, na ya tatu. Mlangoni palikuwa na alama za akala, vile viatu vya tairi, ya kushoto imekatika kisigino. Za Kisilu. Tangu hapo Ndila alilala amemfunga paka tumboni kwa leso, na kila alipoliona lile koti sokoni, alijua ndimo sumu ya panya inamokaa.

Jumapili iliyofuata alibeba Biblia, akapita mbele ya Nthenya ili aonekane anaenda kanisani, akakata kona kwenye mbaazi na kurudi kwake mbiombio. Mlango ulikuwa wazi. Akachomoa panga paani.

Kisilu alikuwa amekaa sakafuni, Kasyoki mapajani.

"Weka hiyo panga, mwaitu, mama yangu."

"Umemwekea nini?"

"Maini."

Akachukua kipande kutoka kwenye bakuli la paka, akatafuna, akameza. Akachukua kingine. Ndila alingoja aanguke. Hakuanguka, aliendelea kumpapasa paka masikio, polepole, kama mtu anayejifunza.

"Namletea ili anizoee. Nilitaka kuona kama ni kweli unamshika kwa mikono mitupu," alisema. "Kwangu, tangu Aprili nilipopimwa damu, sahani yangu inasukumwa kwa fimbo."

Ndila akaweka panga chini. Akamimina maziwa kwenye kikombe kimoja, akanywa yeye kwanza, akampa. Huko kanisani walikuwa kwenye wimbo wa pili wakati Kisilu alipolala palepale sakafuni, paka juu ya koti.