Ukoko wa Bibi Harusi

Bi Mwanakombo, mpishi wa harusi, alifunua sufuria mbili uani, akawapakulia Mzee Shebe na binti yake Zulfa waonje. Moja ilikuwa ya pilau, nyingine ya biriani.

"Biriani," alisema Mzee Shebe kabla hata hajameza. "Wakwe wasije wakasema tumewapikia chakula cha kila Ijumaa."

Zulfa aliinamia sufuria ya pilau. "Mimi nataka hii, Baba."

"Mwanangu, hii ni harusi!"

"Biriani haina ukoko."

Mpishi aliangua kicheko. Mzee Shebe hakucheka. Tangu Zulfa akiwa mdogo, yeye ndiye aliyemkwangulia ukoko jikoni kwa siri, huku mama mtu akigomba kutoka chumbani kwamba mtoto anayekula sufuriani hunyeshewa na mvua siku ya harusi yake.

"Siku hiyo utakuwa ndani, umepambwa," alisema mzee. "Nani atakuletea ukoko?"

"Yule yule wa siku zote."

Mzee alichukua upawa, akakwangua chini ya sufuria mpaka kipande cha kahawia kikabanduka kizima. Alikivunja, akampa binti yake upande mkubwa.

"Pilau, Bi Mwanakombo," alisema huku akitafuna. "Na turubai litafutwe, tena kubwa."

Jua lilikuwa kali, mbingu nyeupe. Zulfa alinyoosha kiganja chake chenye mafuta, akakiacha wazi hewani, kama anayengoja tone la kwanza.