Wimbo wa Tamthilia Iliyofungwa

Siku hizi tamthilia ikifungwa, kituo cha televisheni huondoa wimbo wake vichwani mwa watu, maana wimbo ni mali ya kituo. Kwangu walikuja nyumbani, kwa kuwa nilikuwa nakaa eda ya mume wangu.

“Hauumi, bibi,” fundi alisema, akinivalisha kofia ya nyaya. “Ni wimbo tu.”

Nikamwambia si wimbo tu. Kila ulipoanza, marehemu aliniita kutoka sebuleni, “Mama Mwanaidi, njoo, wameanza bila wewe!” Nami naacha mkate wa kumimina jikoni unaungua, namkuta anacheza mabega kama bwana harusi.

Binti yangu Mwanaidi akanishika mkono. “Waache wauondoe, mama, wasije wakakushtaki. Baba haondoki na wimbo.”

Kofia ikanguruma kidogo, ikanyamaza.

Eda naiendeleza, maana ni amri ya Mungu. Kila baada ya sala namwombea marehemu. Jina lake namuuliza Mwanaidi, naye hunitajia, kisha huenda jikoni kulia.

Jana nilimuuliza alikuwa mtu wa namna gani.

“Alikula mkate ulioungua, mama, na hakulalamika hata siku moja.”

Nikasema Mungu amrehemu, mtu mwema huyo.