Fundo la Kikwembe

"Koko, unataka kujiua?" Ramla alifoka, akilifungua fundo la kikwembe, kitenge cha bibi yake. Vidonge vya sukari vya bibi na vile vya presha vya marehemu babu vilikuwa vimechanganyika humo, vyote vyeupe, bila pakiti.

"Usinipigie kelele, mama. Wakati wa vita waasi walibeba dawa zote za nyumba. Fundo hawakuliona."

"Vita vilikwisha! Utajuaje kipi ni cha nini?"

Bibi alicheka. Akachagua kimoja kirefu, akakipangusa kwa kidole gumba. "Niko kipofu? Hii njo ya presha. Njo nilimupa babu yako siku ya mwisho, akalala vizuri."

Kilikuwa cha sukari; Ramla mwenyewe ndiye aliyekuwa akimnunulia bibi vile virefu. Babu hakuwahi kuugua sukari.

Bibi alikuwa bado amemnyooshea Ramla kidonge, akingoja asifiwe.