Gari Lisilojua Miraa

Embu na Meru nzima, hakuna anayejua magari kunishinda. Sijawahi kuendesha hata moja, lakini nimeyasukuma mengi kwenye matope.

Tulikuwa Meru, kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Mjukuu wangu Winrose, nesi, alikuwa na simu mkononi, tayari kumtumia muuzaji mkopo wake wote. Alitaka pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne, impeleke kazini Embu na kumrudisha kwetu Kibugu, ambako mvua ikinyesha barabara inageuka uji.

"Ilikuwa ya mwalimu mkuu," muuzaji akaapa. "Kanisani na kurudi. Miraa haijui kabisa!"

Sote tunajua gari la kubeba miraa, majani ya kutafuna yasiyotakiwa kunyauka njiani, linavyokimbizwa mpaka linakufa.

Nikainama. Raba ya kanyagio la breki ilikuwa imelika, chuma kinang'aa kama kijiko. Kanisa gani hilo la kukanyagiwa breki hivyo?

Winrose alikuwa ameanza kuingiza namba ya siri.

"Pole, mwanangu," nikamwambia muuzaji kwa sauti. "Hatuichukui. Sisi tunatafuta iliyozoea mbio za miraa. Injini kama hizo hazichoki."

Akarukia boneti, akaikumbatia.

"Shosho, ngoja! Hii imekimbiza miraa Maua mpaka Nairobi miaka yote, kila siku ya Mungu!"